Kujiandaa kwa usaili wa kazi ya umeneja wa bidhaa: mwongozo kwa wanafunzi wa biashara wa Moshi na Arusha

Kila mwaka wanafunzi wa biashara wanaohitimu Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, Chuo cha Uhasibu Arusha na taasisi ya usimamizi ya ESAMI iliyopo Arusha huingia sokoni wakiwa wameandaliwa kuwa wahasibu, maofisa mikopo, maofisa masoko na wasimamizi wa vyama vya ushirika, na wachache miongoni mwao huvutiwa na tangazo la nafasi ya meneja wa bidhaa katika benki, kampuni ya simu au kampuni changa ya teknolojia ya fedha. Wengi wa hao wachache hujiandaa kwa kukariri mifumo ya majibu waliyoikuta mtandaoni, iliyoandikwa kwa ajili ya mtu anayeomba kazi California. Wanapoulizwa namna ya kuboresha menyu inayosomwa kwenye kitochi na mama muuza ndizi wa Soko la Mbuyuni, majibu yale hayawafikishi mbali.

Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi ambaye hajawahi kushika kazi ya aina hiyo. Msimamo wake ni kwamba usaili wa umeneja wa bidhaa hupima uamuzi wa mtu, na uamuzi hunolewa kwa kuchunguza kwa karibu bidhaa ambazo watu wa mji wako wanazitumia, jambo ambalo aliyeko Moshi au Arusha analiweza bila kusubiri kuhamia Dar es Salaam au Nairobi.

Ielewe kazi kabla ya kuiomba

Meneja wa bidhaa ndiye anayebeba dhamana ya kuamua ni tatizo gani la mteja litatuliwe, kwa mpangilio upi, na itajulikanaje kwamba limetatuliwa. Anafanya hivyo akishirikiana na wahandisi wa programu, wasanifu wa mwonekano, watu wa masoko, wanasheria na huduma kwa wateja, ambao kwa kawaida hakuna hata mmoja wao aliye chini yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kushawishi kwa hoja na ushahidi, na msaili atakuwa anajiuliza muda wote kama mhandisi aliyechoka angekubali kukusikiliza.

Wazo la kumkabidhi mtu mmoja bidhaa moja si la kampuni za kompyuta. Mwaka 1931 Neil McElroy wa kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani, aliyekuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay, aliandika waraka akipendekeza kila chapa iwe na mtu wake wa kuifuatilia kuanzia mauzo hadi malalamiko ya wateja. Kampuni za teknolojia zililichukua wazo hilo baadaye na kulibadilisha ili lihusu programu. Mwanafunzi wa biashara akiifahamu historia hiyo fupi hatajiona mgeni katika fani hii, maana mizizi yake imo ndani ya masoko na mauzo aliyoyasoma darasani.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kwamba cheo hicho kina maana mbili nchini kwetu. Katika mabenki mengi, meneja wa bidhaa husimamia akaunti za akiba, mikopo, kadi au bima: anapanga riba na makato, anaandika sera, anafuatilia idhini ya Benki Kuu na kuwafundisha wafanyakazi wa matawi. Katika kampuni ya teknolojia, mwenye cheo hichohicho hushinda na wahandisi akiamua skrini au menyu ifanye nini. Soma orodha ya majukumu kwenye tangazo neno kwa neno. Ikizungumzia riba, amana na matawi, jiandae kwa hesabu za faida na kanuni za udhibiti. Ikizungumzia watumiaji, majaribio na timu ya wahandisi, jiandae kwa maswali yanayofuata hapa chini. Baadhi ya nafasi, hasa za huduma za kidijitali za benki, huchanganya yote mawili.

Chagua bidhaa tatu uzijue nje ndani

Karibu kila msaili atakuuliza ni bidhaa gani unaipenda, kwa nini, na ungeibadilisha wapi. Usilijibu swali hilo kwa kukurupuka. Wiki kadhaa kabla ya kuanza kutuma maombi, chagua bidhaa tatu na uzichunguze hadi uweze kuzizungumzia kwa muda mrefu bila kujirudia. Ningependekeza moja iwe huduma ya pesa kwa simu, moja iwe programu ya simu janja unayoitumia kwa hiari yako, na moja iwe kitu cha kushikika chenye malipo ya kidijitali nyuma yake. Kwa hiyo ya tatu Arusha ina mfano wa nyumbani: kampuni ya Off Grid Electric, iliyokuja kubadili jina na kuitwa Zola Electric, ilianzia Arusha ikizipatia kaya zilizotumia mafuta ya taa mitambo midogo ya sola ambayo mteja huilipia kidogokidogo kwa simu. Ukijiuliza kwa nini mteja akubali kulipa kila wiki kitu ambacho hakumudu kukinunua kwa mkupuo, na kampuni ifanye nini malipo yanapokatika, utakuwa umeshaanza kufikiri kama meneja wa bidhaa.

Kwa upande wa pesa za simu, anza na historia, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo wasaili hulipenda. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 lengo lilikuwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Watu waliopewa huduma hiyo wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na waliokuwa wakiisimamia wakaliona hilo. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008, na hapa ilichukua muda mrefu zaidi kushika kuliko Kenya, ingawa teknolojia ilikuwa ileile. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa kutaja ukubwa wa nchi, mtandao wa mawakala na mitandao kadhaa ya simu inayogawana wateja, atakuwa amejibu swali la mkakati kabla hajaulizwa.

Kisha nenda ukaangalie kwa macho yako. Omba ruhusa kwa wakala unayemfahamu, karibu na stendi ya Moshi au pembeni ya Soko la Kilombero kule Arusha, ukae kibandani kwake asubuhi moja na daftari. Mweleze unachofanya, usiandike jina wala namba ya mteja yeyote, na usimwingilie katika kazi yake. Utaona wakala ana simu zaidi ya moja mezani kwa sababu kila mtandao unadai laini yake. Utaona mteja akisoma namba kutoka kwenye kipande cha karatasi huku wakala akiirudia tarakimu kwa tarakimu, na wote wawili wakisubiri jina litokee ndipo wapumue. Utamsikia mtu akiuliza kama floti, yaani salio la wakala, ipo kabla hata hajasalimia, na mwingine akimkabidhi wakala simu yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti, jambo linalokatazwa kila siku na linalofanyika kila siku.

Andika kilichotendeka kwanza, halafu pembeni andika unachodhani ndiyo sababu yake, na usichanganye safu hizo mbili. Yule aliyetaja namba yake ya siri huenda haoni vizuri, huenda hajui kusoma, huenda ana haraka, au huenda anamwamini wakala kuliko anavyoiamini simu. Kila sababu inadai suluhisho lake, na anayekimbilia suluhisho bila kujua sababu ndiye ambaye wasaili humchuja mapema. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na asubuhi moja kibandani itakupa mifano ambayo mwombaji mwenzako aliyesoma kurasa za mtandaoni peke yake hawezi kuwa nayo.

Swali la kubuni bidhaa

Hili ndilo swali linalochukua muda mrefu zaidi na ndilo ninaloliona kuwa kipimo cha haki zaidi, kwa hiyo nitalitembelea hatua kwa hatua. Chukulia umeambiwa: «Buni bidhaa ya kumsaidia mkulima mdogo wa kahawa.»

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kusema papo hapo kwamba watatengeneza programu ya simu. Anza kwa kuuliza. Kampuni inayouliza ni benki, mtandao wa simu au chama cha ushirika? Inatafuta wateja wapya, mapato, au kuwahifadhi wateja ilionao? Kuna mipaka ya muda au bajeti? Msaili anaweza kukujibu au akakuambia uchague mwenyewe. Akikuachia, chagua, taja ulichochagua na uendelee.

Hatua inayofuata ni kumchagua mtumiaji mmoja kwa sura yake halisi. «Wakulima» ni wengi mno. Tuseme umemchagua mzee wa Kibosho mwenye shamba dogo la kahawa na migomba, anayetumia kitochi, ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam na humsaidia mambo ya simu kwa mbali. Mtaje pia karani wa chama cha msingi, maana bila yeye taarifa yoyote haiingii kwenye mfumo.

Sasa ieleze safari ya mzee huyo kama ilivyo. Mara nyingi anapeleka kahawa yake iliyokauka kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, inapimwa, anapewa stakabadhi na malipo ya awali, halafu malipo ya mwisho yanasubiri kahawa iuzwe, kwa mfano katika mnada unaosimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania pale Moshi. Kati ya mizani na malipo ya mwisho kuna kipindi kirefu ambamo hajui kahawa yake imefika wapi, imeuzwa kwa bei gani na makato yamekuwa kiasi gani. Januari ada za shule zinamkabili, naye hana namba ya kuipangia. Mwanafunzi aliyesoma ushirika anaweza kuongeza hapo kwamba chama kama KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, kimejengwa juu ya imani ya wanachama, na kwamba kutokujua makato huila imani hiyo polepole.

Orodhesha matatizo uliyoyaona, kisha lichague moja na ulitetee chaguo lako. Mimi ningechagua uwazi wa malipo kuliko mkopo wa pembejeo, kwa sababu mkopo unadai mtaji na uchambuzi wa hatari, wakati uwazi unadai taarifa ambazo tayari zimo kwenye daftari la karani. Suluhisho la kwanza linaweza kuwa dogo sana: kila kahawa inapopimwa, ujumbe mfupi wa maneno umfikie mkulima, na ukipenda nakala imfikie mwanawe, ukionyesha kilo, daraja na malipo ya awali; kahawa ikiuzwa, ujumbe mwingine uonyeshe bei na kila kato kwa jina lake.

Hapa ndipo wengi husimama, na hapa ndipo alama zilipo. Eleza kinachoweza kuliangusha wazo lako. Karani akilazimika kuandika mara mbili, kwenye daftari na kwenye simu, ataacha moja, na itakayoachwa ni ya kwako. Kwa hiyo bidhaa hii inapaswa kumrahisishia karani kwanza, pengine kwa kumtolea jumla za siku na stakabadhi moja kwa moja. Uzito ukiingizwa kimakosa, ujumbe utasambaza kosa hilo haraka kuliko daftari. Taarifa za mkulima zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo mwanawe hawezi kupewa nakala bila ridhaa ya mzee mwenyewe.

Malizia na vipimo na jaribio. Ningepima ni sehemu gani ya kahawa iliyopokelewa ilifuatiwa na ujumbe siku hiyohiyo, malalamiko ya uzito na makato yamepungua kiasi gani, na kama wanachama wamerudi na kahawa yao msimu unaofuata badala ya kuiuza pembeni. Jaribio lianze na chama kimoja cha msingi kwa msimu mmoja, ujumbe ukitumwa hata kwa njia ya mkono, kabla mhandisi hajaandika mstari wowote wa programu.

Ukiulizwa namna ya kupanga vipaumbele kati ya mawazo kadhaa, unaweza kutaja kanuni ya RICE iliyotoka kampuni ya Intercom: unakadiria watu wangapi wataguswa, wataguswa kwa kiasi gani na una uhakika kiasi gani, unazidisha hayo matatu, kisha unagawanya kwa nguvu kazi inayohitajika. Ni chombo kizuri cha kupangilia mazungumzo. Hakiwezi kuamua badala yako, na msaili mzoefu atakushtukia ukikitumia kama kichaka cha kujificha.

Swali la namba iliyoshuka

«Miamala ya malipo kwa wafanyabiashara imeshuka kwa asilimia 15 wiki hii. Utafanyaje?» Swali la namna hii linapima utulivu na mpangilio. Usianze kutaja sababu. Uliza kwanza muamala unahesabiwaje, na kama namba yenyewe ni sahihi, kwa sababu mara nyingine kilichoharibika ni ripoti. Kisha ligawe tatizo: limetokea nchi nzima au mkoa mmoja, kwenye programu ya simu janja au kwenye menyu ya USSD (ile inayofunguka kwa kupiga namba yenye nyota na reli), kwa wateja wapya au wa zamani, kwa benki moja au zote, ghafla au taratibu. Kila jibu hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine, na baada ya maswali machache utabaki na eneo dogo la kuchunguza.

Halafu angalia kalenda na mambo ya nje ya kampuni. Mishahara huingia mwishoni mwa mwezi, Ramadhani hubadilisha saa za manunuzi, na kila Desemba Wachagga wengi walioko Dar es Salaam na kwingineko hupanda kwenda Kilimanjaro kwa ajili ya Krismasi, kwa hiyo anayeangalia Dar es Salaam peke yake anaweza kudhani wateja wamepotea kumbe wako Marangu na Machame wanalipa kwa laini zilezile. Bei nayo isisahaulike. Tozo ya Serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, gharama ya kutuma na kutoa pesa ilipanda ndani ya siku moja, watumiaji wakalalamika, wengi wakarudi kwenye pesa taslimu, na mwaka huohuo tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Hapakuwa na kitufe kilichoharibika wala mtandao uliokatika, na timu ambayo ingeshinda ikikagua programu isingepata kitu.

Mwishoni sema utakachofanya. Ukigundua chanzo, eleza hatua ya leo, hatua ya wiki hii, na kitu utakachoweka ili mara nyingine kampuni ijulishwe mapema.

Makadirio

Maswali ya kukadiria huwatisha wanafunzi kuliko yanavyostahili. Tuseme umeulizwa ni mitungi mingapi ya gesi ya kupikia hubadilishwa kwa mwezi katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ililihesabu jiji hilo kuwa na watu 617,631. Ukichukua watu wanne kwa kaya unapata kaya kama 150,000. Dhani nusu yake hutumia gesi, yaani 75,000. Dhani theluthi mbili ya hizo, kaya 50,000, zina mtungi mdogo unaoisha kwa mwezi mmoja, na 25,000 zilizobaki zina mtungi mkubwa unaodumu miezi miwili. Utapata mitungi 50,000 na 12,500, jumla 62,500 kwa mwezi, kabla ya kuongeza migahawa na mama lishe. Kila dhana uitaje kwa sauti na useme ipi ina shaka zaidi. Hapa ni ile ya nusu ya kaya, kwa sababu mkaa bado una nguvu na familia nyingi hutumia vyote viwili. Msaili anaifuata njia yako, na jibu la mwisho analiangalia ili kuona tu kama halijapaa.

Jifunze kwa moyo namba chache zitakazokusaidia: Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120 katika sensa hiyo, na wastani wa kaya nchini ni watu 4.3.

Ufundi na mkakati kwa mtu asiye mhandisi

Hutaulizwa kuandika programu, lakini utatarajiwa kujua mipaka ya vifaa unavyovizungumzia. Menyu ya USSD haihitaji bando na hufanya kazi kwenye kitochi, lakini skrini moja hubeba herufi 182 tu na kikao hukatika mtumiaji akichelewa. Kwa hiyo kila chaguo unaloliongeza kwenye menyu linamsukuma mzee wa Kibosho karibu zaidi na kukatwa katikati. Fahamu mifumo miwili inavyounganishwa ili ipeane taarifa, na nini hutokea pesa inapotoka upande mmoja bila kufika upande wa pili. Swali hilo la mwisho huulizwa sana na kampuni za malipo.

Kwa upande wa mkakati, soma habari za sekta kwa jicho la anayejiuliza nani amepata na nani amepoteza. Mwaka 2014 Tigo (ambayo leo inaitwa Yas), Airtel na Zantel waliruhusu wateja wao kutumiana pesa moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Jiulize kwa nini aliyekuwa mkubwa sokoni aliingia mwishoni, na mfumo wa TIPS wa Benki Kuu, unaounganisha benki na mitandao, umembadilishia nini mshindani mdogo. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma zake nchini ikilalamikia kanuni za LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, kuhusu nauli na kamisheni, ikarejea Januari 2023. Anayesahau mdhibiti katika jibu la mkakati amesahau mchezaji aliye na sauti ya mwisho. NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza kama programu ya kurahisisha pesa za simu hapa nchini na baadaye ikageukia watu wanaotuma pesa Afrika kutoka nje. Ukiweza kueleza faida na hasara za uamuzi huo bila kuushangilia wala kuubeza, uko tayari.

Simulizi zako mwenyewe

Wanafunzi wengi husema hawana uzoefu, nami sikubaliani nao. Aliyekuwa mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyebadilisha namna stoo inavyohesabiwa wakati wa mafunzo kwa vitendo, au aliyeendesha biashara ya chipsi hosteli, amefanya maamuzi yenye mteja, uhaba na matokeo. Andaa simulizi tano au sita, kila moja ikiwa na hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua na matokeo yaliyoonekana. Moja ihusu mgogoro na mwenzako, moja ihusu jambo lililoshindikana, moja ihusu kumshawishi mtu asiyekuwa chini yako. Tuna desturi nzuri ya kusema «tulifanya», hasa kazi ikiwa ya kikundi, lakini katika usaili sema wazi kipi kilikuwa cha kikundi na kipi ulikifanya wewe, la sivyo msaili atalazimika kukisia na mara nyingi atakisia chini.

Usiongeze chumvi kwenye namba. Maswali ya ziada mawili yakifuatana huifichua namba ya kubuni, na ikifichuka usaili umekwisha hata kama bado mnaongea.

Mazoezi na siku yenyewe

Kaeni watatu: mmoja msaili, mmoja msailiwa, mmoja mtazamaji anayeandika bila kusema. Mbadilishane zamu, kila swali lichukue kama nusu saa, na mtazamaji apewe nafasi ya kwanza kutoa maoni. Jirekodi kwa simu angalau mara moja usikie unavyosita. Usaili mwingi wa nafasi hizi hufanyika kwa Kiingereza au kwa kuchanganya, kwa hiyo fanyeni mazoezi kwa lugha zote mbili. Ukifikiri kwa Kiswahili chukua muda wa kutulia kabla ya kujibu, na hakuna ubaya kusema unahitaji dakika moja ya kupanga mawazo.

Kwa kuwa waajiri wengi wako Dar es Salaam au Nairobi, raundi za kwanza huwa kwa video. Tafuta chumba tulivu, weka bando la kutosha kwenye simu hata kama kuna intaneti ya waya, chaji kompyuta na simu usiku uliotangulia kwa ajili ya umeme kukatika, na uwe na namba ya simu ya ofisa anayeratibu usaili ili umjulishe mara moja likitokea la kutokea. Ukipewa zoezi la kufanyia nyumbani, uliza wanategemea uchukue saa ngapi, uheshimu kikomo hicho, na uwasilishe kurasa chache zenye uamuzi ulio wazi kuliko wasilisho refu lenye kila kitu. Ongea na mtumiaji halisi hata mmoja kabla ya kuliandika. Ni waombaji wachache wanaofanya hivyo, na huonekana mara moja.

Mwishoni watakuuliza kama una maswali. Uliza timu inaamuaje kipi kijengwe kwanza, mara ya mwisho walisitisha bidhaa gani na kwa nini, na nani hukutana na wateja na kwa utaratibu gani. Suala la mshahara lijibu kwa kiwango ulichokifanyia utafiti kwa waliotangulia kwenye nafasi kama hiyo, na usilianzishe wewe katika raundi ya kwanza. Ukishatoka, kabla hujapanda daladala, andika maswali yote uliyoulizwa na pale ulipokwama, kwa maana kesho yake utakuwa umesahau nusu yake. Tuma barua pepe fupi ya shukrani siku hiyohiyo, na wakikujibu kwamba hukuchaguliwa, omba kwa heshima wakueleze ni sehemu ipi ya usaili iliyokuwa dhaifu. Wengine hawatajibu, lakini anayejibu atakupa mada ya zoezi lenu linalofuata.